Barua Mbili za Kazi



Tumeletewa swali ambalo si la kila siku katika makanisa yetu ya Tarime na Serengeti. Kijana mmoja aliyebatizwa na kuimba kwaya katika mtaa wetu, ambaye sasa ni rubani, ana barua mbili za kazi mkononi. Moja imetoka kwa kampuni ndogo yenye ndege za injini moja, zipelekazo watalii Seronera, Kogatende na viwanja vingine vya mbugani, na ambazo mara nyingine huitwa kumchukua mgonjwa. Huko atakuwa rubani mkuu tangu mwanzo. Ya pili imetoka kwa shirika kubwa lenye ndege za jeti. Huko ataanza kama rubani msaidizi, mshahara utazidi ule wa kwanza zaidi ya mara mbili, na akivumilia miaka michache aweza kufika Dubai au Doha kama walivyofika wenzake. Ameuliza: Je, Mkristo achague ipi? Kwa ruhusa yake tunajibu hapa, kwa maana tumeona swali hili si la marubani peke yao.

Majibu mawili yalitangulia kabla ya letu. Wazee wa nyumbani kwake walisema aende penye fedha. Nao baadhi ya ndugu wa kikundi cha maombi walisema aishike ile ndege ndogo, kwa kuwa huo ndio utumishi, na ile nyingine ni tamaa ya dunia. Twaona majibu yote mawili yametolewa upesi mno.

Tuanze na hilo la utumishi. Ni kweli kwamba ndege ndogo zimefanya kazi njema katika nchi zetu. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao kutoka Nairobi, ambayo twaijua leo kwa jina la AMREF, na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wamepona kwa sababu ndege ilitua mahali ambapo gari lingechukua siku mbili. Kwa miaka mingi pia Dodoma palikuwa na ndege za MAF zilizowasaidia wachungaji, waganga na wauguzi kufika vijiji vya mbali. Anayeitwa katika kazi ya namna hiyo na aende kwa furaha. Lakini barua ya kijana wetu haikutoka huko. Ndege itakayompeleka mtalii Kogatende akaone nyumbu wakivuka Mto Mara si takatifu kuliko ndege itakayompeleka mfanya biashara Mwanza. Abiria wote wawili wamelipa nauli, wote wawili wana watoto wanaowangoja nyumbani. Katekisimo ya Kitabu chetu cha Sala inatufundisha kujipatia riziki kwa kazi ya haki, wala haikutaja ukubwa wa chombo. Wako watu wanaoona kwamba jambo likiwa na mshahara mdogo, basi Mungu yumo ndani yake zaidi. Kama ingekuwa hivyo, tajiri anayewapunja wafanyakazi wake angekuwa anawasaidia kwenda mbinguni.

Sasa kuhusu fedha. Wasomaji wetu wanajua namna kijana wa huku anavyopata kuwa rubani. Hakuna chuo cha ndege Mugumu wala Nyamwaga. Leseni ya rubani wa biashara huhitaji kwa kawaida saa 200 za kuruka, na kila saa yapasa ilipiwe, mafuta na ndege na mwalimu. Halafu mtu akitaka leseni ya juu ya kuongoza ndege kubwa za abiria, ni saa 1,500. Kwa huyu kijana zile saa za kwanza zilitoka katika zizi. Ng'ombe wa baba waliuzwa, wakauzwa na wa baba mdogo, na dada mmoja alingoja mwaka mzima kwenda sekondari. Anayesema kwamba fedha si kitu na aende kwanza akalitazame zizi lile. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani, naye hakusema kwa mzaha. Kwa hiyo, mshahara ule wa pili tukiuita tamaa, tutakuwa tumemsema vibaya mtu anayetaka kurudisha deni.

Hata hivyo deni la zizi lina mpaka. Wazazi walitoa ng'ombe ili mtoto apate kazi, nayo kazi ameipata, katika barua zote mbili. Kwa ile ya kwanza atalipa polepole, kwa ile ya pili atalipa upesi. Tofauti hiyo ni ya miaka, si ya kulipa na kutolipa. Tena tuwakumbushe wazee wetu, kwa heshima, kwamba mtoto aliyesomeshwa kwa ng'ombe hakununuliwa kwa ng'ombe.

Wengine watasema: lakini shirika kubwa lina usalama wa kazi. Hapo historia haitusaidii kuwa na uhakika. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, likawa na majeti yaliyofika Ulaya, na mapema mwaka 1977 likafa pamoja na Jumuiya yenyewe. Mwezi Machi mwaka ule ule nchi yetu ikaanzisha shirika lake, ambalo nalo limepanda na kushuka, likafika mahali pa kuwa karibu halina ndege, kisha likainuliwa tena kuanzia mwaka 2016. Fastjet ilianza safari zake Dar es Salaam mwezi Novemba 2012 kwa nauli za chini na shangwe nyingi, na mwisho wa mwaka 2018 ikawa imekwisha kwetu. Nao waliofika Dubai waliona mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozuia safari, marubani kwa mamia wakipunguzwa kazini katika shirika lililoonekana kuwa tajiri kuliko yote. Kampuni ndogo za watalii nazo mwaka ule zilikaa kimya. Basi anayepiga hesabu ya miaka 20 ijayo anabahatisha, awe amechagua hii au ile.

Je, tumchagulie kwa hatari? Wako wanaodhani ndege ndogo ni mchezo wa watoto karibu na jeti. Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, aliruka kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake amelazwa hapo hapo. Hadi leo rubani wa mbugani hupita kwanza chini juu ya kiwanja kuwafukuza swala na nyumbu kabla ya kutua, na wakati wa masika ule udongo mweusi huteleza kama sabuni. Lakini majeti nayo yameanguka. Hatari ipo kote kuwili, na wala si yeye tu atakayeibeba, kwa kuwa nyuma yake wamekaa watu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye lile tunalotaka kusema. Kazi ya rubani, ukiitazama sana, si kurusha ndege. Siku nyingi ndege huruka vizuri, na siku hizi mitambo inafanya sehemu kubwa. Rubani analipwa kwa ajili ya siku chache ambazo itampasa kusema hapana. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zampa rubani mkuu uamuzi wa mwisho juu ya ndege yake. Mwenye kampuni hawezi kisheria kumwamuru aruke katika dhoruba. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini kati ya sheria na kiti cha rubani kuna mambo mengi.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 27. Merikebu iko Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, na majira ya kusafiri yamepita. Paulo, aliyekuwa mfungwa tu, anawaonya kwamba safari itakuwa na hasara. Akida anawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Bandari ile haikuwa nzuri kwa kukaa wakati wa baridi, walio wengi wakashauri waendelee, na upepo wa kusi ukavuma polepole, wakaona wamefanikiwa. Muda si mrefu wakapigwa na tufani. Luka ametuandikia hesabu ya waliokuwamo: 276, idadi isiyopita sana ile ya abiria wa jeti moja kubwa la leo. Tunaposoma habari hii kanisani kwa kawaida tunamtazama Paulo na malaika wake. Tumtazame pia yule nahodha. Huenda alijua bahari vizuri kuliko Paulo. Lakini alisimama karibu na mwenye chombo, na Maandiko hayatuambii kwamba aliwahi kumpinga. Wote waliokoka kwa neema, merikebu ikapotea.

Mfano wa pili ni wa zama zetu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife cha Hispania, ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia, katika ukungu, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa ndege ya Kiholanzi alikuwa mwalimu wa marubani wenzake, mtu wa heshima kubwa katika shirika lake. Saa zake za kazi zilikuwa zinakaribia mwisho kisheria, na akichelewa zaidi ingebidi abiria walale kisiwani. Alianza kuruka bila ruhusa ya mnara. Mhandisi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kuondoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imeondoka. Mhandisi hakuuliza mara ya pili. Alikuwa na mashaka ya haki, alikuwa na mdomo, na alinyamaza kwa sababu ya ukubwa wa mtu aliyekuwa mbele yake.

Tukija karibu na kwetu, usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka punde baada ya kuondoka Douala, Kameruni, katika hali mbaya ya hewa. Watu wote 114 walikufa. Rubani msaidizi alikuwa kijana wa miaka 23. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilitaja, pamoja na mambo mengine, upungufu wa ushirikiano kati ya marubani wale wawili. Hatuandiki haya kumhukumu marehemu yeyote. Tunayaandika kwa sababu kijana wetu amepewa kiti kama kile, cha msaidizi, kando ya mtu mzima aliyemzidi kwa kila kitu, naye amelelewa kama sisi sote tulivyolelewa, kwamba mkubwa akisema mdogo hunyamaza. Mashirika mengi leo hufundisha msaidizi kusema waziwazi. Lakini kufundisha ni jambo moja, na yanayompata msaidizi aliyesema ni jambo jingine.

Wala asidhani kwamba katika ndege ndogo atakuwa huru kwa kuwa yuko peke yake. Viwanja vya porini havina taa, hivyo sharti aondoke kabla ya jua kuchwa. Wingu la alasiri limesimama upande wa ziwa. Watalii wake wana ndege ya Ulaya usiku ule pale Kilimanjaro, nao wamelipa fedha nyingi. Meneja anapiga simu, anasema kwa upole kwamba mwenzake alipita njia hiyo hiyo nusu saa iliyopita. Hakuna aliyemwamuru. Ni yeye na lile wingu, na ile simu.

Kwa hiyo tunamwambia kijana wetu: usiulize kwanza ni kazi ipi kubwa, wala ni ipi takatifu. Uliza ni wapi utaweza kusema hapana na kesho yake ukarudi kazini. Hilo laweza kuwa katika shirika kubwa, lenye chama cha marubani na taratibu zilizoandikwa. Laweza kuwa katika kampuni ndogo ambayo mwenyewe alikuwa rubani na anajua wingu ni nini. Sisi hatulijui jibu, na barua za kazi hazilitoi. Mshahara mkubwa nao waweza kuifunga hapana ile kwa njia yake, kwa maana aliyekopa nyumba na gari kwa kutegemea mshahara ule ataona ni vigumu kuuhatarisha. Na mkataba wa kulitumikia shirika miaka kadhaa ili kulipia mafunzo ya ndege mpya, ambao mashirika mengi hudai, ni halali kabisa, ila asome vizuri atalipa nini akiondoka mapema. Asije akawa mtu asiyeweza kukataa wala kuondoka.

Wasomaji wetu walio wengi hawatashika usukani wa ndege. Lakini yuko dereva wa basi wa Sirari ambaye jioni hana budi kumpelekea tajiri hesabu yake, na breki anaijua ilivyo. Yuko karani wa mizani msimu wa kahawa, aliyeambiwa asiulize kwa nini jiwe la kupimia ni jepesi. Hao nao kila siku hupimwa kwa neno lile lile moja.

Tulipozungumza naye zaidi lilitoka jambo ambalo hakuliweka katika swali lake. Ile kampuni ndogo aliikubalia kwa mdomo wiki tatu kabla barua ya pili haijafika. Alipeana mkono na meneja, akaambiwa siku ya kuanza, na mtu mwingine aliyeiomba nafasi hiyo akajibiwa kwamba imejaa. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Rafiki zake wanamwambia kwamba mbele ya sheria hana kifungo.

Hatubishani na rafiki zake juu ya sheria. Lakini tumeona kwamba jambo hili na lile la hapana ni jambo moja. Abiria anapopanda ndege hana karatasi ya rubani yenye sahihi inayosema, leo sitaruka katika wingu kwa kuogopa meneja. Ana neno la mtu asiyemjua, basi. Kama neno la kijana huyu lageuka mara fedha ilipozidi, je, siku ya wingu, fedha ikiwa upande wa kuruka, litasimama kwa nguvu gani? Zaburi ya 15 inapomweleza mtu atakayekaa katika hema ya Bwana inamtaja yule asiyegeuza kiapo chake hata kikimtia hasara. Ukiisoma zaburi hiyo yote utaona hakuna humo habari ya mapepo wala miujiza. Ni mambo ya jirani, ya riba, ya rushwa na ya neno lililosemwa.

Mmoja wetu hapa alipinga. Alisema: mbona kampuni nazo huwaacha watu kwa barua ya mstari mmoja, iweje mfanyakazi peke yake afungwe na mkono aliopeana? Hoja hii ina uzito, na wenye kampuni waisomao wajitazame. Lakini mkono wa meneja huyu haujafanya kosa lolote bado, na haifai kumlipisha deni la wengine.

Tena ahadi ina mwenyewe. Ikiwa ahadi ni deni, basi aliyeahidiwa anaweza kulisamehe, na hilo ndilo tunalomshauri kijana wetu alijaribu kabla ya yote. Asiandike ujumbe wa simu, asitume rafiki. Asafiri mpaka Arusha, akae mbele ya meneja yule, amwambie: nilikukubalia, neno langu bado lipo, lakini imekuja barua nyingine, na nyumbani kuna zizi tupu; je, utaniacha niende? Kama yule mwingine aliyeomba nafasi bado anaitaka, huenda meneja atakubali bila kinyongo. Huenda atamwomba afanye msimu mmoja, kuanzia Julai nyumbu wanapofika Mto Mara mpaka Oktoba. Huenda atakataa kabisa, na hapo kijana atakuwa na mwaka mmoja au miwili ya kulipa polepole, na shirika kubwa, kama linamtaka kweli, litaandika tena au halitaandika.

Tena atakuwa amejifunza jambo ambalo alihitaji kulijua kwa vyovyote, yaani meneja huyo hufanya nini akiambiwa asilopenda kusikia. Akipiga meza na kumtukana, hiyo nayo ni habari juu ya alasiri ile ya wingu. Akisikiliza, vivyo hivyo. Akiwa huko Arusha, na azungumze pia na marubani wa kampuni ile penye chai, si ofisini, awaulize ni lini mara ya mwisho mmoja wao alikataa kuruka, na alifanywa nini. Wa lile shirika kubwa nao awatafute, awaulize swali hilo hilo, hasa walio wasaidizi.

Ameondoka kwetu Jumatatu kwa basi la asubuhi, na barua ya pili inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Tumwombee.